Tumsaidie Mwenzetu Azungumze: Kiingereza cha Mazungumzo kwa Mwanafunzi Aliye Ugenini

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Shukrani zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya malipo.

Kila mwaka baadhi ya vijana waliopita katika madrasa zetu hapa Bariadi humaliza masomo ya sekondari na kutafuta elimu ya juu, wengine ndani ya nchi na wengine nje. Wazazi hushughulikia ada, pasi ya kusafiria, nauli na godoro. Jambo moja husahauliwa mara nyingi: je, kijana huyu ataweza kuzungumza na watu atakaowakuta? Katika somo hili tutaeleza kwa nini kijana mwenye vyeti vizuri hukosa ulimi akifika ugenini, mafunzo ya dini yetu yanasemaje juu ya jambo hilo, na namna ndugu, rafiki au mwenzake wa chumbani anavyoweza kumsaidia.

1. Lugha nne za mtoto wa Bariadi

Tumtazame mtoto wa kawaida wa mkoa wetu wa Simiyu. Nyumbani kwao, hasa vijijini Itilima, Maswa, Meatu, Busega na Bariadi yenyewe, anaamkia wakubwa kwa Kisukuma. Akianza shule ya msingi, katika shule nyingi za serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Jioni anakuja madrasa na kukuta herufi za Kiarabu. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanabadilika na kuwa ya Kiingereza.

Hili ni jambo la kushukuru, kwani mtoto wa miaka 14 anayeamkiana kwa Kisukuma, anayesoma Qur'an kwa Kiarabu na anayefanya hesabu kwa Kiingereza amepewa hazina kubwa. Lakini tukichunguza tutaona kuwa kila lugha ina mahali pake. Kiingereza chake kimekaa kwenye daftari na kwenye karatasi ya mtihani. Amezoea kukisoma, kukinakili na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Hakitumii sokoni, wala kwenye foleni ya maji, wala anapogombana na mdogo wake. Ndiyo maana kijana anaweza kupata alama nzuri katika somo la Kiingereza, kisha akaulizwa njia na mtalii aliyeshuka Lamadi kuelekea Serengeti, akabaki anatabasamu tu.

Hivyo basi, mwanafunzi huyu anayo maneno mengi kichwani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatoa mdomoni mbele ya mtu anayemtazama na kusubiri jibu.

2. Anapovuka mpaka

Tuchukue mfano wa chuo kinachojulikana kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, Februari 1974, ilipendekezwa vianzishwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu barani Afrika. Kimoja kilijengwa Say, nchini Niger, na kingine nchini Uganda kwa ajili ya nchi zinazotumia Kiingereza. Chuo cha Uganda, yaani Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilifungua milango yake mjini Mbale, chini ya Mlima Elgon, Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80. Baadaye kilipata matawi, likiwemo tawi la wasichana huko Kabojja. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Watanzania ni miongoni mwa wanafunzi waliosoma hapo.

Kijana wa Bariadi anayekwenda Mbale kwa njia ya barabara anapita Lamadi, Bunda, Tarime na Sirari, anaingia Kenya mpaka Kisumu, kisha anavuka Busia kuingia Uganda. Tangu anyanyuke nyumbani mpaka Kisumu, Kiswahili chake kinamtosha. Akivuka Busia mambo yanabadilika. Kiswahili kipo kwa baadhi ya watu, lakini wenyeji wa Mbale wana lugha yao ya Kigisu, na wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za nchi huzungumza lugha nyingine nyingi. Kinachowaunganisha wote chuoni ni Kiingereza. Kijana wetu ambaye nyumbani hakuhesabika kuwa mgeni, sasa ndiye mwanafunzi wa kigeni.

Hali ni hiyo hiyo tukiigeuza. Burundi, Kongo na visiwa vya Komoro ni nchi ambazo wanafunzi husomeshwa kwa Kifaransa katika madarasa ya juu. Kijana wa huko akija kusoma katika chuo chetu kinachofundisha kwa Kiingereza, kama Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005, huwa katika hali ile ile ya kijana wetu aliyeko Mbale. Kwa hiyo somo hili linatuhusu pande zote mbili. Leo unasaidiwa, kesho wewe ndiye mwenyeji.

3. Kunyamaza kuna gharama

Kijana mmoja aliyepita katika madrasa yetu alikwenda kusoma katika chuo kimoja cha nchi jirani. Baba yake aliuza ng'ombe na fedha zote za pamba za msimu ule ili kutimiza ada. Miezi miwili ya mwanzo kijana huyu alikuwa na neno moja tu la kujibu kila aliloambiwa, nalo ni "yes". Alisema "yes" alipoelewa na alisema "yes" alipokuwa hajaelewa. Siku moja kiongozi wa darasa aliwatangazia korido nzima kwamba jaribio la Alhamisi limehamishiwa Jumatano. Kijana akaitikia "yes" pamoja na wenzake. Alhamisi alijitayarisha vizuri, akavaa, akaenda na kalamu mbili, akakuta chumba kitupu.

Alama zile zilipotea kwa sababu alishindwa kusema maneno matatu ya kumwomba mwenzake arudie. Alipotusimulia baadaye alisema alikuwa anayajua maneno hayo tangu kidato cha kwanza. Aliogopa kwamba akiuliza, watu watageuka na kumtazama, kisha watacheka kama walivyocheka wiki ya kwanza alipotamka neno vibaya.

Mwenzake wa chumbani, mwenyeji wa nchi ile, ndiye aliyemwokoa. Kila siku baada ya swala ya Alasiri alimchukua wakatembea mpaka sokoni na kurudi, mwendo wa nusu saa, na wakati wote huo walizungumza Kiingereza tu. Hakumpa daftari wala kamusi. Alimuuliza jambo moja kisha akasubiri. Kijana akikosea, yule mwenzake aliyarudia maneno yale yale kwa usahihi kana kwamba anajibu tu, na safari ikaendelea. Ulipoanza muhula wa pili, kijana wetu alinyanyua mkono darasani na kuuliza swali. Leo ameshamaliza masomo yake na kurudi salama.

Tunapata mafunzo mawili hapa. Kwanza, mali ya familia na miaka ya kijana inaweza kupotea kwa sababu ya hofu ya ulimi. Pili, aliyemsaidia hakuwa mwalimu wa lugha. Alikuwa kijana mwenye subira na nusu saa ya kila siku.

4. Dini yetu inatufundisha nini juu ya lugha za watu

Wapo wazee wetu wachache wanaohofia kwamba kijana akizungumza Kiingereza sana atapoteza dini. Ni hofu ya mzazi mwenye mapenzi, na tunaiheshimu. Hata hivyo, tukirejea Qur'an tunakuta kwamba tofauti za lugha na rangi za wanadamu zimetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu (30:22), na kwamba kila Mtume alitumwa na lugha ya watu wake ili awabainishie (14:4). Lugha ni chombo. Chombo hufuata mkono wa anayekitumia.

Mtume (s.a.w.) alimwamuru swahaba wake Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze lugha iliyokuwa ikitumika katika barua za Mayahudi ili aweze kumsomea na kumwandikia. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Zaid anaeleza kuwa haikumchukua hata nusu mwezi. Zaid alikuwa kijana mdogo, na alitumwa kujifunza kwa sababu umma ulikuwa na haja.

Kisa kingine kinasimuliwa na Bukhari. Ummu Khalid (r.a.) alizaliwa Uhabeshi wakati wazazi wake walipohamia huko, akarudi Madina akiwa bado binti mdogo. Mtume (s.a.w.) alimvisha nguo, kisha akamwambia kuwa ni nzuri kwa neno la Kihabeshi, "sanah". Tuzingatie hapa. Mtume (s.a.w.) angeweza kusema kwa Kiarabu na angeeleweka. Alichagua neno moja la nchi aliyokulia mtoto yule, na neno hilo liliuondolea moyo wake ugeni. Kwa hiyo kumkaribisha mgeni kwa lugha ni katika mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.).

5. Kifua kwanza, kisha ulimi

Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwenda kwa Firauni alimwomba Mola wake mambo kadhaa, nayo yametajwa katika Surat Twaha (20:25-32). Aliomba akunjuliwe kifua chake. Aliomba afanyiwe wepesi katika kazi yake. Aliomba lifunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba apewe msaidizi katika watu wake, naye ni ndugu yake Harun (a.s.).

Dua hii wanafunzi wetu wote wameihifadhi na huisoma kabla ya mtihani. Tuitazame kwa jicho la somo letu.

Jambo la kwanza ni kifua. Ulimi hauwezi kufunguka ikiwa kifua kimebana kwa hofu. Kijana anayeogopa kuchekwa husahau hata jina la mtaa wake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaidizi ni kumwondolea mwenzake hofu, kabla hajamfundisha neno lolote.

Jambo la pili ni lengo la kuzungumza. Musa (a.s.) aliomba afahamike. Hakuomba watu wastaajabie ufasaha wake. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza naye atosheke na lengo hilo mwanzoni. Kutamka kama Mwingereza wa London si sharti. Sharti ni kwamba mwenye duka, daktari na mhadhiri wamwelewe, naye awaelewe.

Jambo la tatu ni msaidizi. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliomba ndugu wa kumsaidia kusema, kijana wa Bariadi asione aibu kumwambia mwenzake, "Nisaidie kuzungumza."

Na yule anayecheka akumbuke kwamba Qur'an imekataza watu kuwadharau watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora zaidi (49:11). Kumcheka anayejifunza lugha ni mlango mmoja wa dharau hiyo, hata kama mwenye kucheka anadai anatania.

6. Namna ya kumsaidia mwenzako

Yafuatayo ni mambo saba ambayo msaidizi anapaswa kuyazingatia. Anaweza kuwa kaka, dada, rafiki wa darasani au mwenzake wa chumbani. Si lazima awe hodari sana, inatosha awe amemtangulia kidogo. Wavulana wasaidiane wavulana na wasichana wasaidiane wasichana, au iwe ni ndugu kwa ndugu, ili adabu yetu ibaki salama.

(a) Chagueni wakati mmoja na muudumishe. Nusu saa kila siku inafaa kuliko saa nne za Jumamosi moja. Amali inayodumu, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayopendeza zaidi mbele ya Allah (S.W.), na kanuni hiyo inafaa pia katika kujifunza.

(b) Fanyeni kazi huku mkizungumza. Tembeeni, osheni vyombo, chambueni mchele, pigeni pasi nguo. Mikono ikiwa na kazi, macho hayakutani sana na aibu hupungua. Pia maneno yanapatikana yenyewe: maji, sufuria, moto, chumvi.

(c) Uliza swali lisilojibika kwa "yes" au "no". Ukimuuliza mwenzako, "Did you eat?" atajibu neno moja na mazungumzo yatakufa. Ukimuuliza, "What did you cook, and how?" atalazimika kueleza tangu kuwasha moto mpaka kuepua.

(d) Subiri. Baada ya kuuliza, nyamaza na uhesabu moyoni mpaka kumi. Anayejifunza hutafuta neno, hulipanga, hulikagua, ndipo hulitoa. Ukimmalizia sentensi yake umemnyang'anya zoezi. Hapa ndipo wasaidizi wengi huteleza, kwani ukimya huwatia wasiwasi wao wenyewe.

(e) Sahihisha kwa kurudia, na usahihishe machache. Mwenzako akisema, "Yesterday I go to market," mjibu, "Oh, yesterday you went to the market! What did you buy?" Amesikia umbo sahihi, hakuaibishwa, na mazungumzo yanaendelea. Chagua kosa la aina moja kwa siku. Ukisahihisha kila neno atanyamaza. Tuna mfano katika Hadithi iliyopokewa na Muslim juu ya Muawiya bin al-Hakam (r.a.), aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu walimkazia macho na kupiga mapaja yao. Mtume (s.a.w.) alipomaliza kuswali hakumkaripia wala hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba swala haifai kuchanganywa na maneno ya watu. Bwana huyu alisema hakupata kumwona mwalimu bora kuliko yeye.

(f) Kiswahili kitumike kama daraja. Akikwama kabisa, mruhusu aulize kwa Kiswahili, mpe neno, kisha mrudi kwenye Kiingereza papo hapo. Kukataza Kiswahili kwa adhabu au faini humfanya mtu anyamaze, wala hakumfanyi azungumze.

(g) Mfundishe maneno ya kujiokoa kabla ya mengine yote. Nayo ni machache: "Please repeat." "Speak slowly, please." "I did not understand." "What does that word mean?" "How do you say this in English?" Mwenye sentensi hizi tano anaweza kuendelea na mazungumzo yoyote. Asiye nazo ataishia kuitikia "yes" mpaka siku ya jaribio.

7. Matatizo ya matamshi na desturi

Wengi tuliokulia katika Kisukuma huchanganya sauti za "r" na "l". Katika Kiswahili watu hutuelewa tu. Katika Kiingereza kuna maneno ambayo herufi hiyo moja hubadilisha maana yote: "rice" ni wali, na "lice" ni chawa. Kijana anayeagiza sahani ya chawa hotelini atacheka mwenyewe akishajua, lakini asifundishwe kwa kuchekwa na wengine. Msaidizi achukue jozi chache za maneno kama "right" na "light", "road" na "load", azitamke polepole, naye arudie kila siku kidogo. Vilevile sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumezoea kila neno liishe kwa irabu, hivyo "book" huwa "buku" na "desk" huwa "deski". Mazoezi ya kufunga neno mahali linapoishia husaidia sana.

Upande wa desturi, salamu zetu ni ndefu. Msukuma akishasema "mwangaluka" huuliza hali, nyumba, watoto na ng'ombe. Kwa Kiingereza salamu mara nyingi ni neno moja au mawili, na mtu anapita. Kijana wetu asidhani amekasirikiwa.

Jambo jingine ni kwamba Kiingereza cha watu hakifanani kila mahali na kile cha vitabuni. Nchini Uganda mtu akikukuta unafanya kazi atakuambia "well done", naye anakupa pole na kazi kama ilivyo desturi ya huko. Akikuona baada ya siku nyingi atakuambia "you are lost", sawasawa na sisi tunavyosema "umepotea". Akikaa karibu nawe kwenye benchi atakuambia "extend", maana yake sogea kidogo. Hayo hayamo kwenye kitabu cha kidato cha pili. Mwenyeji amweleze mgeni, na mgeni aulize bila kuona haya.

8. Mpango wa wiki nne

Kwa familia yenye kijana anayejiandaa kusafiri, tunapendekeza mpango ufuatao. Kila jioni nusu saa, wawili wakaigize hali halisi atakazokutana nazo.

Wiki ya kwanza: kujieleza. Jina, kwao, familia, amesoma wapi, anakwenda kusomea nini na kwa nini. Aweze pia kueleza Bariadi iko wapi, pamba hulimwa vipi na Simiyu inapakana na Serengeti. Mgeni anayeweza kusimulia kwao hupata marafiki upesi.

Wiki ya pili: safari. Mmoja awe ofisa wa uhamiaji, mwingine msafiri. Unakwenda wapi? Utakaa muda gani? Nani anakulipia ada? Barua ya chuo iko wapi? Kisha muigize kupanga nauli, kubadilisha fedha na kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Hapa pana tahadhari muhimu ya saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, wao wanasema saa nane kwa Kiingereza. Kijana asiyezoea kubadilisha saa kichwani atakosa basi au mtihani.

Wiki ya tatu: chuoni. Kujiandikisha, kuuliza ratiba, kumwomba mhadhiri arudie, kukopa daftari la mwenzake, kueleza kwamba hujaelewa swali. Kila siku msaidizi amsomee aya fupi ya kitabu mara mbili, naye aisimulie kwa maneno yake mwenyewe bila kutazama.

Wiki ya nne: haja za kila siku. Kumweleza daktari panapouma na tangu lini. Kuuliza kama nyama imechinjwa kwa halali. Kuuliza msikiti ulipo na kuomba ruhusa ya swala ya Ijumaa anapokuwa mahali pasipo na Waislamu. Kukataa jambo asilolitaka kwa upole na kwa uthabiti. Hili la mwisho ni muhimu mno, kwani kijana asiyejua kusema "hapana" kwa lugha ya wenzake ni rahisi kuburutwa.

Akishafika ugenini mazoezi yasikatike. Ndugu aliyebaki nyumbani anaweza kumtumia ujumbe wa sauti kwa simu, dakika mbili tu, naye ajibu kwa sauti. Sauti hufaa kuliko maandishi kwa sababu ulimi ndio unaofanyiwa mazoezi. Na huko aliko ajitahidi asikae chumba kimoja na Watanzania watupu. Kujumuika na watu wa kwao ni faraja, lakini akila, akitembea na akisoma nao peke yao, mwaka utakwisha bila kuongeza kitu.

9. Neno kwa wazazi

Wazazi wetu, hata msiojua Kiingereza mnaweza kusaidia. Mtoto akizungumza Kiingereza nyumbani, msimwambie kwamba anajifanya Mzungu. Maneno hayo mmoja wetu huyasema kwa mzaha, na mtoto huyabeba miaka kumi. Mwambieni asome kwa sauti, kisha awaeleze kwa Kiswahili au Kisukuma alichokisoma. Mtajua kama ameelewa, naye atazoea kusimama na kusema mbele ya watu wazima.

Pia msikiteni wale wanaowaambia kwamba ili ajue Kiingereza lazima aache lugha ya kwao. Aliyezoea kupanga hoja vizuri kwa lugha ya mama ana cha kusema anapoanza lugha nyingine. Na Qur'an yake aendelee nayo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba anayesoma Qur'an kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Ujira huo umetajwa kwa Qur'an, lakini tunajifunza humo adabu ya jumla: kukwama kwa anayejitahidi si jambo la kudharauliwa.

Hitimisho

Ndugu msomaji, kwa muhtasari tumeona kwamba kijana wetu anayekwenda kusoma ugenini mara nyingi anayo maneno ya Kiingereza, ila amefungwa na hofu. Fundo hilo hufunguliwa na mtu mwenye subira anayempa wakati wake, anayesikiliza, asiyecheka na anayerudia kwa usahihi bila kuaibisha. Kazi hiyo haihitaji fedha. Kila mwanafunzi wa madrasa hii anaweza kuifanya kwa mdogo wake, kwa jirani yake, na kwa mgeni yeyote atakayeletwa na masomo katika mji wetu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu vifua vyao na ndimi zao, awahifadhi huko waliko na awarudishe wakiwa na elimu yenye manufaa. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Taja lugha anazokutana nazo mtoto wa Bariadi tangu nyumbani hadi sekondari, na eleza kila moja anaitumia wapi.
2. Nabii Musa (a.s.) aliomba mambo gani katika Surat Twaha (20:25-32)? Yanamfundisha nini msaidizi wa anayejifunza lugha?
3. Eleza kisa cha Ummu Khalid (r.a.) na funzo lake kwa mtu anayempokea mgeni.
4. Mwenzako amesema, "She go to school yesterday." Utamjibu vipi bila kumwaibisha?
5. Andika sentensi tano za kujiokoa, zihifadhi, kisha zitumie leo jioni pamoja na ndugu yako kwa nusu saa.

Wabillahi tawfiq.